Bi Mwanakombo Alivyotembea Kinyumenyume

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, si siku ya harusi yangu. Ya harusi nimeshaisahau nusu yake, na aliyenioa Mungu amrehemu asinisikie. Ni siku moja ya kule Moa, kwenye majaruba ya chumvi, wakati wa alasiri. Nikiisimulia hata leo mwili unanisisimka, kama bado nimesimama pale getini na miguu yangu iliyobabuka, karai tupu mkononi.

Jumatatu unaanza kazi mjini Tanga. Mama yako ameshakunyooshea mashati, baba yako ameshakuambia uwahi na usijibu wakubwa. Wamekuambia vyema. Mimi bibi yako nina la kwangu, na la kwangu ni refu kidogo, kwa hiyo kunywa chai yako taratibu.

Kazi ya chumvi wewe huijui. Pampu inavuta maji ya bahari, maji yanatandazwa kwenye majaruba, jua linayakausha, na chumvi ikishakaa sisi wanawake tunaikwangua na kuibeba kwa makarai mpaka kwenye lundo. Jua la pale linakupiga mara mbili, juu linashuka na chini chumvi inakurudishia. Ukiwa na kidonda mguuni, hata kidogo cha mwiba, chumvi inakiona kabla yako. Basi lilikuwapo pipa la maji baridi karibu na geti, tukitoka tunanawa miguu, ndipo tunaweza kutembea kama watu mpaka nyumbani.

Msimamizi wetu aliitwa Seif. Na nikuambie mapema, Seif hakuwa mgeni. Alikuwa mtu wa pwani hasa, amezaliwa huku huku, ana mke, ana wakwe, msikitini yumo. Nasema haya usije ukasema labda hakujua mila za watu. Laiti angekuwa hajui. Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba alijua.

Mwendesha pampu alikuwa Hamadi, Mpemba. Alivuka maji kuja kutafuta maisha, akapata kazi, akapata na mke, binti wa Bi Mwanakombo, jina lake Mize. Alikuwa kijana mpole, akiongea utadhani anaomba radhi. Na upande huu wa bahari hakuwa na baba wala mjomba wala ndugu wa kusema naye shauri, ila hao wakwe zake.

Sasa Bi Mwanakombo, mama mkwe wake, naye alikuwa mkwanguaji chumvi pamoja nasi. Hapo pana jambo, nawe nalo hulijui, kwa sababu siku hizi nawaona mnakaa na wakwe zenu kochi moja mnatazama mpira. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakutani njia moja. Wakionana kwa mbali, mmoja anapinda. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na mwili wa mmoja haufai kuonekana na mwenzake. Si uadui, mwanangu, ni heshima, tena heshima nzito. Basi sote pale kazini tuliwasaidia. Bi Mwanakombo alifanya kazi majaruba ya mashariki, mbali na pampu. Jioni Hamadi alisubiri wanawake watoke kwanza. Na kama ikitokea apite karibu, alikohoa, naye mama mkwe akasikia akageuka upande. Kikohozi kile kila mtu alikijua. Mtu akikohoa kwa mafua yake tulikuwa tunamtania, "Wewe nawe una mkwe hapa?"

Kisa kilianzia kwenye pipa. Seif alilifunga kwa kufuli. Alisema tunachezea maji yake. Tukawa tunatoka miguu imewaka moto, wengine wanalia njiani, na hakuna aliyethubutu kusema kitu, maana kazi zenyewe hizo, na kila mmoja ana watoto. Aliyekwenda kusema ni Hamadi. Alivua kofia, akasimama mbali kidogo, akasema, "Bosi, watu wana vidonda. Twakuomba tunawie tu miguu, si maji ya kuoga."

Seif alimtazama, akatabasamu. Mimi nilikuwapo, na nilifurahi nilipoliona lile tabasamu, nikadhani ndiyo yamekwisha. Ujana ni maradhi, mwanangu. Mtu anakuonyesha meno, wewe unadhani anacheka.

Haikupita wiki, mkanda wa pampu ukapotea. Ule mkanda wa mpira unaozungusha mashine. Alasiri tulipofika getini tukakuta limefungwa. Hamadi amesimamishwa kwenye ua wa mabati, peke yake, na Seif amesimama kati yake na sisi, akichezea funguo. Mlinzi wetu, Mzee Andrea, Msambaa wa milimani, amesimama pembeni. Kupekuliwa tulikuwa tumezoea, kila siku Mzee Andrea aliangalia makarai na mifuko, na mzaha juu yake. Lakini siku ile Mzee Andrea alikuwa ameinamisha kichwa, na sikumwona hata mara moja akitutazama.

"Mkanda umepotea," Seif akasema. "Pampu ilikuwa mikononi mwa nani?"

"Mwangu, bosi," Hamadi akasema. "Nilikwenda kuswali, niliporudi sikuuona."

"Mkanda kama ule mtu huuzungusha kiunoni, nguo ikafunika. Vua shati."

Akavua. Hakuna kitu.

"Na kikoi."

Hapo Hamadi akatazama chini. Akasema, taratibu kabisa, "Bosi, nipekue kibandani. Hapa pana watu."

Sote tulijua watu hao ni nani. Ni mtu mmoja, na hakuweza hata kumtaja. Bi Mwanakombo alikuwa nyuma yetu, amejisogeza kwenye kona ya banda la makarai, amegeukia ukutani tangu alipomwona mkwewe pale. Na geti limefungwa, hana pa kwenda.

Seif akageuka kutuelekea sisi. Mwanangu, nilidhani anageuka kutuambia tutoke. Badala yake akapaza sauti akasema, "Bi Mwanakombo, mbona unajificha? Sogea huku mbele. Njoo umwone vizuri mwanamume uliyempa binti yako."

Lahaula. Nimezika watu, nimeona njaa, nimeona nyumba ikiungua na watu wamo ndani, lakini maneno yale sijapata kuyasahau. Nilihisi kama mtu amenimwagia maji usoni. Niliangalia wenzangu, kila mmoja mdomo wazi. Na kati yetu palikuwa na mwanamke mmoja, simtaji kwa sababu wajukuu zake mnacheza nao, akacheka. Alicheka kwa hofu, leo najua. Siku ile sikujua, na kicheko kile kilinichoma kuliko maneno ya Seif. Siku hizi asingecheka, angetoa simu akapiga picha, na kabla ya magharibi Mombasa nzima ingekuwa imeona.

Hamadi akafungua kikoi. Akabaki na bukta, tumbo wazi, kiuno wazi. Mikono hajui aiweke wapi. Na mkanda hakuna, hata kipofu angeona kwamba hakuna. Nikashusha pumzi, nikasema basi, aibu imepita, ameonekana hana, atamwacha.

Seif akanyoosha funguo akazielekeza kwenye ile bukta. "Na hiyo."

Alisema polepole, hata hakukasirika. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba hakuna mkanda anaoutafuta. Anatafuta kumwondoa yule mtu duniani bila kumuua. Maana kwa mila yetu, mwanamume akishaonekana uchi na mama mkwe wake, amekwisha. Hakai tena kwenye nyumba ile, wala ndoa ile haikai. Angemwacha Mize, angevuka maji arudi kwao, na asingemwambia mtu kwa nini. Yote hayo kwa sababu aliomba maji ya kunawia miguu.

Damu ikanipanda. Mimi nilikuwa msichana wa mikono myepesi, muulize hata dada yangu. Nikaliacha karai likaanguka, nikakamata beleshi lililokuwa limeegemezwa pale, nikasema moyoni leo Seif nampasua, liwalo na liwe. Nikapiga hatua, mara nikashikwa mkono kwa nguvu. Nilipogeuka nikamwona Bi Mwanakombo. Alikuwa ametoka konani, macho chini, na mkono wake ulikuwa mgumu kwa miaka ya kubeba chumvi.

"Weka chini," akaniambia.

"Bi Mwanakombo, humsikii anavyosema?"

"Namsikia. Ukimpiga huyu, watu wote watakutazama wewe, na mwanangu atabaki uchi vilevile. Anayevuliwa nguo haombi vita, anaomba nguo."

Alimwita mkwewe "mwanangu". Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo.

Kisha akafanya jambo ambalo sikuwa nimeliona na sijaliona tena. Alifungua kanga yake ya kujitanda, akabaki na gauni na ile ya kiunoni. Akaipitisha nyuma ya mabega, akaitandaza kwa mikono miwili. Akageuka, mgongo ukaelekea kule aliko mkwewe. Halafu akaanza kutembea kinyumenyume. Polepole, anapapasa ardhi kwa visigino, asijikwae. Tukampisha. Akampita Seif, na alipompita wakawa uso kwa uso, naye anaendelea kurudi nyuma, macho yake hayatoki kwenye macho ya Seif. Hakujua amebakiza hatua ngapi kumfikia Hamadi, na kugeuka hawezi.

Ndipo Hamadi akakohoa. Kile kikohozi chake.

Bi Mwanakombo akasimama. Ile kanga nyuma yake ikawa ukuta, Hamadi akajisitiri humo.

Sisi tulikuwa bado tumeduwaa. Kisha mwanamke mmoja akafungua kanga yake, akageuka, akaanza kurudi nyuma. Nikafungua na mimi. Nilimkanyaga mtu mguu, nikasikia akiguna, hakuna aliyecheka. Tukajipanga bega kwa bega, migongo kwa Hamadi, nyuso kwa Seif, kanga zimetandazwa. Yule aliyecheka naye alikuja, analia, akajibana kando yangu.

"Andrea," Seif akaita, "hebu waondoe hawa."

Mzee Andrea alivua kofia yake ya ulinzi akaishika mkononi. Mzee mzima, mwenye wajukuu, mtu wa kanisani, mila hii si yake. Akageuka, akatembea kinyumenyume, akasimama mwisho wa mstari wetu. Nilipomwona nikashindwa kujizuia, machozi yakanitoka.

"Atakayebaki hapo, kesho hana kazi," Seif akasema.

Hakuna aliyeondoka. Na usidhani tulikuwa mashujaa, mwanangu, kila mmoja alikuwa anahesabu watoto wake. Bi Mwanakombo peke yake ndiye aliyesema, akamwita kwa jina tupu, bila bosi wala bwana. "Seif, tunakutazama."

Akaanza kutazama huku na huku. Akiutoa uso huu anaukuta ule. Palikuwa hapana mahali pa kuweka macho yake, na nyuma ya kanga zetu Hamadi akajifunga kikoi chake. Mwisho akasonya, akatupa funguo mchangani, akaingia ofisini akafunga mlango. Mzee Andrea akaokota funguo, akafungua geti, akafungua na pipa. Tukanawa miguu, mmoja baada ya mwingine.

Kama ungekuwa ni mchezo wa redioni, hapa Seif angefukuzwa na watu wangepiga vigelegele. Sitakudanganya. Kesho yake alimfukuza Bi Mwanakombo na Hamadi. Sisi tukakaa nje ya geti, tukasema hatuingii bila wao. Mawingu yakaja, mvua ikanyesha, na chumvi haimsubiri mtu, lundo zima likayeyuka. Mwenye shamba akaja kutoka Tanga amekasirikia chumvi yake, tukamweleza habari ya bukta. Hamadi akarudishwa, pipa halikufungwa tena, ila Seif alibaki msimamizi wetu kwa miaka. Hakumvua mtu nguo tena, hilo nampa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Bi Mwanakombo aliitwa, akakataa. Alisema hawezi kumwamkia mtu yule kila asubuhi. Akakaanga vitumbua mpaka uzeeni, na maisha yake yalikuwa magumu zaidi kuliko ya chumvi. Ndiyo gharama yake, nawe uijue kabla hujaingia.

Lakini lililokuwa linaniumiza si hayo. Jioni ya siku ile ya getini, Mize alikuja kwetu mbio, hana hata kiatu. Hamadi amefunga mzigo wake. Amesema asubuhi anavuka, anarudi Pemba, na talaka ataituma. Hali wala haongei, amekaa ameelekea ukutani. Mize ana mimba changa. Nikakimbia kwa Bi Mwanakombo, maana yeye kwa mkwewe hawezi kwenda.

Nilimkuta kwenye mbuzi, anakuna nazi, kana kwamba siku ile ilikuwa siku kama nyingine. Nikamweleza. Hakuacha kukuna. Aliimaliza ile nazi, akakung'uta kifuu, ndipo akasema.

"Nenda kamwambie mkwe wangu sikuona kitu. Tangu alipoanza kuvua shati nilikuwa nimeutazama ukuta. Nilipotoka pale nilitazama mchanga, na kuanzia hapo mpaka alipofunga kikoi chake, nilikuwa namtazama Seif."

Nikaenda. Nikasimama nje ya mlango wa Hamadi, nikayasema maneno yale kama nilivyopewa, bila kupunguza wala kuongeza. Nikamsikia anauliza, sauti imemkauka, "Amesema hivyo mwenyewe, mkwe wangu?"

"Amesema mwenyewe."

Nikamsikia analia. Analia kwa sauti, mwanamume yule mpole, na Mize akanisukuma kando akaingia. Asubuhi hakuvuka. Mtoto wa ile mimba ndiye fundi aliyetujengea hii nyumba uliyokaa. Na siku Bi Mwanakombo alipofariki, wa kwanza kulitia bega jeneza lake alikuwa Hamadi, na hakutaka kupokewa mpaka makaburini.

Basi sikiliza, mwanangu, sasa nakuambia neno lenyewe. Huko uendako utamkuta Seif wako, huenda ana tai na anaongea vizuri. Siku atakapomdhalilisha mwenzako mbele ya watu, damu itakupanda kama ilivyonipanda mimi, nawe utataka kuonyesha kwamba huogopi. Ngoja kwanza. Mtazame anayeumizwa anahitaji nini saa ile. Pengine ni mtu wa kusimama naye, pengine ni wa kusema "nami nilikuwapo, hakuiba", pengine ni kitambaa tu cha kujifutia uso. Mpe hicho kabla ya ngumi zako. Usiitazame aibu yake, wala usiwaonyeshe wengine. Aibu yake ipe mgongo. Anayemdhalilisha ndiye wa kumpa uso, na usiupepese, na usiende peke yako ukiweza kwenda na wenzio. Wala usingoje kujua kwanza kama mwenzio ana kosa au hana. Hata angekuwa ameiba ule mkanda, haikuwa halali kumvua bukta.

Wahenga wamesema nguo ya kuazima haisitiri matako. Siwapingi wahenga, ila mimi nimeona kanga ya kuazima ikimsitiri mtu maisha yake yote, na wanawe, na wajukuu wake.

Haya, inuka. Mwenyezi Mungu akupe riziki ya halali na wakubwa wenye haya. Akukinge na anayekuvua, na siku ukivuliwa, mwanangu, akupe watu wanaojua kutembea kinyumenyume. Amin.